Je, Wajua? Fimbo ya Pool ya Bei ya Kiwanja

Kwenye baa nyingi za mtaani fimbo za pool huegemezwa ukutani kama mifagio. Moja imepinda, nyingine ngozi ya nchani imebanduka, na bado kuna kijana mmoja huwezi kuweka dau dhidi yake hata umpe hiyo mbovu. Marekani kuna fimbo ambazo wenyewe hawazichezei kabisa. Hulala kwenye kasha lenye kitambaa laini, hutolewa mnunuzi akija, hurudishwa, na bei yake inatosha kiwanja na msingi juu yake.

Je, wajua kuwa fimbo zenye jina kubwa kuliko zote katika biashara hii zilianza kama zawadi za Krismasi? George Balabushka alizaliwa Urusi mwaka 1912, akafika Marekani akiwa mtoto mwaka 1924, akaishia kuwa fundi wa mbao New York. Mwaka 1959 aliingia ubia katika ukumbi wa pool, na mwaka huo huo akachonga fimbo chache za kuwapa rafiki zake sikukuu. Waliozipata wakazionyesha, na walioonyeshwa wakataka zao. Hadi anafariki mwaka 1975 alikuwa ametengeneza fimbo elfu moja na kidogo tu. Mtu mwenyewe alikuwa wa aina yake: msumeno ulipomkata kidole, alijichongea cha plastiki ili asiharibikiwe na mchezo, na inasemekana wengi hawakuwahi kugundua.

Mbao alizipata wapi? Hapa ndipo panaponichekesha. Mipini mingi ya fimbo zake za mwanzo ilitokana na Titlist za kampuni ya Brunswick, yaani fimbo za ukumbini, zile zile za kuegemezwa ukutani. Zilikuwa na mbao nzito ya rangi iliyokolea chini na mbao nyeupe ya mepo mbele, zimeingiliana kwa ncha nne ndefu mithili ya vidole vya mikono iliyoshikana. Balabushka alikata, akaweka kiungo cha skrubu katikati, akakereza upya, akazungushia uzi wa kitani cha Ireland pa kushikia. Leo moja huuzwa kwa zaidi ya dola 10,000. Mbao ni ya kawaida. Kinacholipiwa ni mkono.

Filamu nayo ilichochea moto. Mwaka 1986 Martin Scorsese alitoa The Color of Money, na ndani yake Tom Cruise anapewa fimbo inayotajwa kuwa ni Balabushka. Haikuwa. Ilikuwa fimbo ya kampuni ya Joss iliyotengenezwa ifanane nayo, maana kijana alitakiwa kuizungusha hewani kama upanga, na nani angethubutu kuhatarisha ya kweli? Tena kuna fimbo nyingi zenye jina la Balabushka zilizotengenezwa Japani, kwa kibali, baada ya fundi mwenyewe kuzikwa. Si feki, lakini si zake. Mgeni akiona saini tu na kutoa pesa, ameliwa.

Mnunuzi mzoefu haanzi na saini. Anafungua kiungo, anavingirisha kila kipande peke yake juu ya meza, akitazama mwanga unaopenya chini yake: ukichezacheza, mti umepinda. Kisha anavifunga pamoja na kurudia. Anageuza mpini taratibu akilinganisha urefu wa zile ncha. Anapapasa njumu kwa ukucha kusikia kama kuna mahali panapokwama. Mwisho anauliza historia: nani aliinunua kwanza, ipo picha, ipo barua, iliwahi kupigwa vanishi upya? Fimbo iliyong'arishwa sana humtia shaka kuliko iliyochakaa.

Kwa mafundi walio hai, tatizo ni foleni. Mti wa mbele hukerezwa kidogo, ukaachwa upumzike miezi, ukakerezwa tena, kwa sababu mbao ikiharakishwa hupinda. Fundi mwenye jina anaweza kukusubirisha miaka. Ndiyo maana fimbo iliyotoka kwake wiki iliyopita inaweza kuuzwa kwa mwingine ghali kuliko alivyolipwa yeye aliyeichonga. Mafundi wengine hilo linawaudhi, na sioni kwa nini lisiwaudhi.

Sisi wa pwani tumo ndani ya hadithi hii zamani sana, kwa njia chungu. Karne ya 19 pembe za ndovu zilibebwa mabegani kutoka bara hadi Bagamoyo, zikavuka kwenda Unguja, na huko wafanyabiashara wa Marekani walikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Nyingine ziliishia kuwa vibonyezo vya piano, nyingine mipira ya biliadi. Pembe ilikuwa ghali kiasi kwamba mwaka 1863 kampuni moja ya New York ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata mbadala wa mipira hiyo. John Wesley Hyatt alihangaikia tuzo hiyo, na katika hangaiko lake ikazaliwa seluloidi, mmoja wa mababu wa plastiki.

Mipira ikaachana na pembe, fimbo hazikuachana nayo. Kwa miongo mingi fimbo za thamani ziliwekewa pembe kwenye kiungo, kwenye njumu, na kwenye kile kikofia cheupe chini ya ngozi. Julai 2016 serikali ya Marekani ilibana karibu biashara yote ya pembe za ndovu wa Afrika. Fimbo yenye pembe kidogo bado inaweza kuuzwa ndani ya nchi kwa masharti, ingawa majimbo kama California yana sheria kali zaidi. Kumuuzia mtu wa ng'ambo hakuruhusiwi. Mwenye nayo anaweza kuing'oa pembe na kuweka plastiki, fimbo ikawa huru kusafiri. Wengi hawafanyi hivyo. Kikofia kile kidogo kuliko kizibo cha kalamu kikitoka, fimbo si ile tena, na mkusanyaji anayeijua atakata bei papo hapo.