Kompyuta Isiyozimwa na Maelezo Yasiyotosha

Ndugu msikilizaji, juma lililopita niliingia katika duka moja la fotokopi hapa Pongwe, kando ya barabara iendayo Muheza. Kijana anayehudumu pale ameiunganisha kompyuta yake na betri kubwa, ili umeme ukikatika kazi isisimame. Kwenye kona ya kioo niliona ujumbe mdogo ukimtaka aiwashe upya. Nilimwuliza umekaa hapo tangu lini.

"Siku nyingi, mzee," alinijibu. "Lakini mbona kazi inakwenda?"

Swali lake ni la haki, na wengi wetu tungeuliza hivyo hivyo. Jibu ni kwamba programu ya kompyuta hukaa mahali pawili. Nakala moja imehifadhiwa kwenye diski. Nyingine, ile inayofanya kazi, imo katika kumbukumbu ya muda. Mafundi wakitoa marekebisho, nakala ya kwenye diski hubadilishwa, lakini ile inayofanya kazi mara nyingi hubaki ya zamani pamoja na kasoro zake zote. Ni kama kondakta aliyekariri nauli ya mwaka jana. Tangazo jipya limebandikwa mlangoni, naye bado anatoza ya kichwani. Kompyuta ikiwashwa upya ndipo inaposoma tangazo.

Mwenye kompyuta moja huona ujumbe kwa macho yake. Je, hospitali au benki yenye mamia ya kompyuta itafanyaje? Kwa ajili hiyo ziko programu za ukaguzi. Mifumo ya Debian na Ubuntu, kwa mfano, huacha faili liitwalo reboot-required pale marekebisho yanapohitaji kuwasha upya. Windows nayo huacha alama katika daftari lake la ndani. Programu ya ukaguzi hupita katika mtandao wa ofisi, husoma alama hizo, na kumpa fundi orodha ya kompyuta zinazosubiri.

Hata hivyo, orodha peke yake haiponyi kitu. Lazima iandamane na maelezo yanayomwambia mtumiaji afanye nini, na lini. Gharama ya maelezo yasiyotosha ilionekana katika vita vya Ghuba.

Tarehe 25 Februari 1991, kombora la Scud kutoka Iraki lilipiga kambi ya Wamarekani huko Dhahran, Saudi Arabia, na kuua askari 28. Mtambo wa Patriot uliowekwa kuwalinda haukurusha kitu. Ripoti ya wakaguzi wa Bunge la Marekani ya mwaka 1992 ilieleza sababu. Hesabu ya saa ndani ya kompyuta ya mtambo ilikuwa na kosa dogo mno, ambalo liliongezeka kadiri mtambo ulivyoendelea kuwaka. Siku hiyo ulikuwa umewaka zaidi ya saa 100 mfululizo. Kosa likafikia theluthi moja ya sekunde, na mtambo ukalitafuta kombora mahali ambapo halikuwepo.

Kuuwasha upya kungeirudisha hesabu kwenye sifuri, tena kwa muda usiozidi dakika mbili. Tarehe 11 Februari, takwimu kutoka Israeli zilikwisha kuonyesha kwamba baada ya saa 8 tu shabaha huanza kupotoka. Tarehe 21, wahusika waliwatumia askari onyo kwamba kuuacha mtambo ukiwaka kwa muda mrefu sana kuna madhara. Muda mrefu sana ni saa ngapi? Onyo halikusema. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran tarehe 26, siku moja baada ya maafa.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaoendesha ofisi, mkinunua programu ya ukaguzi msiridhike na orodha. Dai maelezo kwa lugha ambayo karani wako anaielewa. Yataje saa au siku kwa tarakimu. Yaseme nani aarifiwe kabla, na kwamba kazi ihifadhiwe kwanza. Yaeleze pia kwamba kuzima si sawa na kuwasha upya. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta nyingi zikizimwa kwa kawaida huhifadhi kiini cha mfumo kwenye diski ili kesho ziamke haraka, na huamka na kiini kile kile. Anayetaka kuanza upya kweli achague neno "Restart".

Yule kijana alihifadhi kazi yake, akalichagua neno hilo. Baada ya dakika chache nakala yangu ikatoka. Kabla sijaondoka alichukua karatasi, akaandika kwa kalamu nene na kuibandika ukutani: "Kila Ijumaa saa 12 jioni, hifadhi kazi, washa upya."

Maelezo ni hayo, na yana siku na saa. Hadi juma lijalo, kwaherini.