Anza na Sufuria

Wasee, kuna Julai moja karibu inimalize. Wera ilikuwa imeisha ghafla, rent imenikalia kwa kichwa, na mimi niko tu kejani Kayole, pazia imefungwa, naskroli simu hadi inazima. Vyombo zilikuwa zimelala kwa karai siku nne. Sufuria ya ugali ilishika ukoko hadi ikaanza kunuka. Mabeste wakipiga, sishiki. Kila asubuhi najishow: nikiskia poa, nitaamka. Hiyo poa haikukam.

Chenye ilinitoa kwa bed ni maji. Kwa ploti yetu mfereji hufunguliwanga siku mbili kwa wiki, na mathe wa mlango ya pili akanigongea kinoma: "Kijana yangu, maji imekuja! Leta mitungi kabla wafunge." Mathe kama huyo humkatai. Nikashuka na mtungi ya lita 20, nikapanda nayo hadi floo ya nne, nikarudi. Trip ya tano shati imeshikana na mgongo, roho inadunda, na nikacheki kitu: hiyo nusu saa yote sikuwa nimewaza rent hata mara moja. Na ju maji iko, nikaingilia vyombo. Ile sufuria nilisugua na waya hadi ikang'aa. Nikapiga deki, nikafungua pazia. Usiku nililala kama mtoi.

Doo bado hakukuwa. Lakini kesho yake niliamka na nikashika simu.

Hii kitu iko na rada yake. Mudi ikishuka, unaacha kufanya vitu. Ukiacha, hakuna kitu inakupea raha, hata kidogo, so mudi inashuka tena. Unajichimbia shimo ukiwa umelala. Wanasaikolojia kama Peter Lewinsohn wa Marekani walianza kujengea matibabu hapo tangu miaka ya 1970: usingoje mudi ndio ufanye, fanya ndio mudi ifuate. Na wanaanzanga na vitu ndogo, ju msee ako chini hana nguvu ya vitu kubwa.

Kusonga nayo imepimwa. Mwaka wa 1999, James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa utafiti wa watu 156 wa miaka 50 na kuendelea, wote wako na depresheni. Wengine walipewa dawa, wengine mazoezi mara tatu kwa wiki, kupiga mguu haraka ama kukimbia, wengine zote mbili. Baada ya wiki 16, hizo mbogi tatu zilikuwa zimepata nafuu karibu sawa, ingawa dawa ilianza kushika mapema. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asonge dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na tangu 2020 halidai tena ati lazima zikuje kumikumi. Ngazi zako zinahesabika. Kufua na mikono pia.

Mimi napenda wera ya kejani ju inaisha ukiiona. CV unatuma hamsini na hakuna mtu anajibu. Lakini nguo ukifua, jioni ziko kwa kamba, safi, na ni wewe umefanya.

Sasa maboyz, hapa tubonge ukweli. Kuna sista ama mathe kwa hiyo nyumba ako na deki, dishi na watoi kutoka asubuhi hadi usiku. Huyo kuongezewa vyombo haimsaidii, inammaliza. Yeye anahitaji mtu amtolee mzigo, atoke, apige mguu na mabeste zake. Ukishika karai, mnapona wawili.

Na kama imepita hapo, wiki mbili huli, hulali, ama unawaza kujitoa uhai, deki pekee haitoshi. Piga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu Kenya, ni ya bure. Ama ingia hospitali na useme vile iko. Dawa si aibu.

Na kuna beste yako hashiki simu. Usimtumie meseji ya "jikaze". Pitia kwake leo, gonga kama yule mathe, na muoshe hizo vyombo pamoja.