Walinzi Wawili wa Ziwa

Tangu mwaka 1947 mji wa Jinja umekuwa makao ya utafiti wa samaki wa Ziwa Victoria. Mwanafunzi wa shahada ya juu achunguzaye zuplanktoni, yaani wanyama wadogo mno waeleao majini, huwavua kwa wavu wa matundu madogo sana, kisha huwahesabu kwa darubini. Wanyama hao hula mwani; mukene huwala wao; sangara naye humla mukene, kitoweo kinachouzwa hata Mbale.

Mwaka 2017 wanajeshi walipewa kazi ya kuzuia uvuvi haramu ziwani. Doria hukamata nyavu zilizokatazwa, lakini haiwezi kuona kama chakula cha samaki kimepungua. Hilo huonwa kwa darubini. Basi askari na mtafiti hulinda riziki moja. Kila mmoja pasipo mwenzake hulinda nusu tu.