Gari Likichemsha, Usiulaumu Mlima

Wengi wetu tuishio mijini hatununui gari jipya. Tunanunua lililokwisha kutumika miaka mingi, tukalitegemea kwa safari za kazini na, likizo ifikapo, kwa kuwapeleka watoto kuona wanyama Ngorongoro. Katika mizunguko mifupi ya mjini gari hilo halina neno. Lakini likishaipita Karatu na kuanza kupanda, mshale wa joto nao hupanda, na dereva husema mlima umemharibia gari.

Mlima haukuliharibu, umefichua tu ugonjwa uliokuwamo. Karatu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro unapita mita 2,200. Njiani injini hufanya kazi kubwa katika gia ndogo, huku gari likienda polepole na upepo upitao kwenye rejeta ukipungua. Tena maji yaliyo wazi, ambayo Dar es Salaam huchemka kwa digrii 100, huko ukingoni huchemka kwa digrii 92 hivi, kwa kuwa kanieneo ya hewa ni ndogo. Mfuniko mzima wa rejeta huyabana maji yasichemke mapema. Mpira wake ukichakaa, kinga hiyo hutoweka.

Basi kabla ya kumpelekea fundi gari, jiulize swali moja: huchemsha wakati gani?

Likichemsha linaposimama au kwenda polepole, na kupoa likishika mwendo, tazama feni na mkanda wake. Mkanda uliolegea huteleza, na mara nyingi huzungusha pampu ya maji pia.

Likichemsha kwenye kilima tu, huku tambarare likiwa salama, shuku rejeta. Huenda imezibwa ndani na kutu, au nje na vumbi, wadudu na mbegu za nyasi.

Likipata joto kali dakika chache baada ya kuwashwa, huku mpira wa juu wa rejeta ukiwa wa moto na wa chini baridi, yamkini thermostati imekwama na maji hayazunguki. Wako wanaoing'oa na kuitupa. Hiyo si tiba, kwani asubuhi za baridi injini hukawia kupata joto lake, ikala mafuta na kuchakaa upesi. Weka nyingine.

Maji yakipungua kila siku bila tone kuonekana chini, moshi mweupe usiokoma ukatoka nyuma, au oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa, shuku gasketi ya silinda hedi. Gari hilo lisisafiri.

Jihadhari pia na mshale unaoshuka ghafla baada ya kupanda sana. Huenda maji yamekwisha, na kipima joto sasa kimezungukwa na hewa.

Yakikufika njiani, simama mahali salama, zima injini, weka mawe nyuma ya magurudumu na uwaweke watoto mbali. Usifungue mfuniko wa rejeta ya moto kwa hali yoyote: maji yaliyobanwa huruka na kuunguza uso na mikono. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu ushikike bila kuunguza. Ndipo ufungue polepole kwa kitambaa kinene, na kuongeza maji kidogo kidogo. Maji baridi yakimwagwa ghafla katika injini ya moto yaweza kuipasua.

Lakini msitu wa ukingoni una nyati na tembo. Si mahali pa kushuka na familia ili kungoja injini ipoe. Kwa hiyo ukague gari Karatu, asubuhi, injini ikiwa baridi: kimo cha maji, mkanda, mipira, mfuniko na uso wa rejeta. Ni kazi ya robo saa. Ukiona kasoro, tengeneza hapo hapo mjini, au uahirishe safari.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkanda mpya ni gharama ndogo. Silinda hedi iliyopinda kwa joto yaweza kumeza mishahara ya miezi kadhaa.