Kiitikio Kisichoitika: Kuhusu Programu Inayongoja Mtandao

Fanani atamkapo "Paukwa!" hungoja hadhira ijibu "Pakawa!" ndipo aendelee na ngano yake. Programu ya tarakilishi inayotafuta muunganisho wa mtandao nayo hutamka paukwa yake, ila haikai ikangoja. Huacha maagizo kwamba seva ikijibu, kazi fulani itendwe, kisha ikashika shughuli nyingine. Kazi hiyo iliyowekwa akiba tutaiita kiitikio, tukiazima istilahi ya washairi bila idhini yao.

Tatizo ni kiitikio kisichoitika kamwe. Dirisha limefunguka, hakuna ujumbe wa kosa, na hakuna lifuatalo. Watumiaji husema "programu imekataa", kauli inayoficha hali tatu tofauti: kukataliwa, kunyamaziwa, na kutosikiliza. Mwandishi wa makala haya alipoteza siku mbili kwa kutozitenganisha, ilhali hazina yake ya methali ilikuwa ionyeshwe mbele ya jopo la wahadhiri Jumatatu iliyofuata. Lawama zote aliutupia mtandao wa chuo.

Programu hiyo iliandikwa kwa Qt, maktaba ya lugha ya C++ iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1995 na kampuni ya Trolltech ya Norwe. Humo, amri ya kuunganisha hurudi papo hapo, kabla seva haijajibu. Habari ya muunganisho hufika baadaye kama ishara, na hutegemea mzunguko wa matukio, yaani kitanzi kikuu kinachouliza tena na tena kama kipanya, saa au soketi ina jambo jipya. Mzunguko usipozunguka, huenda seva imekwisha kujibu zamani. Jibu limelala mlangoni na hakuna wa kulipokea.

Mimi nilikuwa nimeandika, chini ya amri ya kuunganisha, kitanzi kingine kilichosema: maadamu hatujaunganishwa, ngoja. Kitanzi hicho kilingojea habari ambayo chenyewe kiliizuia isifike!

Upo mtihani mwepesi ambao ningalifaa kuanza nao. Weka saa ya programu iandike "niko hai" kila sekunde. Saa nayo ikinyamaza, usiushtaki mtandao: ama mzunguko haukuanzishwa kwa amri ya exec, ama kuna kazi ndefu iliyouziba. Saa ikisema na kiitikio kikanyamaza, hapo ndipo pa kuchunguza soketi yenyewe.

Aghalabu soketi huwa imekufa. Ikiundwa kama kigeu cha ndani ya kitendaji, hufutwa pindi kitendaji kinapomalizika, na miadi yake yote hufutika nayo. Yafaa iwe mali ya dirisha, iishi muda wote dirisha linapoishi.

Kosa jingine ni kusikiliza habari njema pekee. Ishara ya kufaulu na ishara ya kosa ni mbili. Toleo la 5.15 la mwaka wa 2020 liliipa hii ya pili jina la errorOccurred. Mtambo ambao mlango wake hauna programu inayosikiliza kwa kawaida hujibu mara moja kwamba ombi limekataliwa. Ukuta wa usalama, kwa upande wake, waweza kulimeza ombi bila neno. Linux, kwa mpangilio wake wa kawaida, hurudia ombi mara kadhaa na kukata tamaa baada ya dakika mbili hivi, ingawa maktaba nyingine huchoka mapema. Asiyesikiliza ishara ya kosa huona kimya kile kile katika hali zote mbili. Ili kuzitenga, endesha seva kwenye tarakilishi yako mwenyewe na uiite kwa anwani 127.0.0.1, ikiitika hapo na isiitike kwingine, dosari i njiani au kwenye seva ya mbali.

Kitanzi changu kilikuwa na mistari mitatu tu. Nilikifuta Jumapili usiku, nikaihamishia kazi ya kupakua methali ndani ya kiitikio, na orodha ikajaa dirishani kabla sijaondoa mkono kwenye kipanya.