Plafo ya kibanda cha mbao: tazama unyevu na moto kabla ya rangi

Anayejijengea kibanda cha mbao uani, Kadutu au Bagira, kiwe cha kushonea nguo au cha kijana aliyekua, hupiga hesabu ya nguzo, misumari na mabati, kisha plafo huiachia pesa zitakazobaki. Basi huenda dukani na kuchagua kwa macho: ipi nyeupe, ipi inang'aa. Kwa Bukavu huo ni uchaguzi mbovu. La kuuliza kwanza ni nyenzo hiyo itakuwaje ikilowa, na la pili itakuwaje ikishika moto. Kwa vipimo hivyo, mbao za kawaida zilizopigwa randa zinashinda karibu kila kitu kinachosifiwa kuwa cha kisasa.

Mji uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na mvua hunyesha tangu Septemba hadi Mei. Mwenye nyumba akiona matone juu ya kitanda alfajiri humlaumu fundi kwa kutoboa bati vibaya, hata kama usiku mzima haikunyesha. Mara nyingi maji hayo yametoka humo humo ndani. Mtu aliyelala hutoa kwa pumzi na ngozi kama gramu 40 za maji kwa saa; wanne wakilala saa nane, hiyo ni zaidi ya lita moja, na sufuria ya maharagwe iliyochemka jioni bado hatujaihesabu. Anga ikiwa wazi, bati hupoteza joto upesi hadi likawa baridi kuliko hewa inayoligusa. Hewa ya nyuzi 20 huweza kubeba gramu 17 za mvuke katika kila mita ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 12 haifikishi hata 11. Unaozidi hugeuka maji chini ya bati, na maji hayo hudondokea plafo.

Hapo ndipo nyenzo hujulikana. Shitingi huyakusanya kama mfuko, ikaning'inia na kuota ukungu mweusi. Unaliti huvimba. Tripleksi ya bei ya chini huachia gundi, tabaka zikafumuka pembeni. Jipsamu inasifiwa, na kwa haki, kwamba haishiki moto upesi, kwani karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani yake. Lakini ile ya kawaida ikilowa mara kwa mara hulegea, tena ni nzito. Mji uliotikiswa na tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, lenye ukubwa wa 5.9, una sababu ya kuogopa uzito juu ya vichwa vya watu. Ubao hunywa unyevu usiku na kuutoa mchana, na mmoja ukioza unabadilishwa peke yake. Sharti hewa ipite kati yake na bati: acha matundu chini ya paa pande mbili, uyazibe kwa wavu wa waya ili panya wasiingie. Bila matundu, hata ubao bora utaoza. (Mianzi nayo inafaa, mradi isiwe imekatwa ndani ya hifadhi ya Kahuzi-Biega.)

Utaniambia mbao huungua, na wakazi wa miteremko ya Kadutu, ambako nyumba za mbao zimebanana, hawahitaji kufundishwa hilo. Ni kweli, ila kuungua kuna namna zake. Frigoliti hulainika kwenye nyuzi 100 hivi, kisha hudondosha matone yanayowaka juu ya godoro. Plastiki ngumu ya plafo haishiki moto kwa urahisi, lakini hulegea mapema na moshi wake una asidi inayokaba koo. Ubao wa sentimita 2 huliwa na moto kwa takriban milimita moja kwa dakika, na dakika hizo zinatosha kuwatoa watoto. Mahali pa mbabula, hata hivyo, usiweke ubao kabisa. Pigilia bati bapa. Nyaya zipite ndani ya mabomba, maana umeme ukikatika na kurudi mara nyingi huja na nguvu isiyo yake.

Linabaki suala la pesa, na ni zito, kwani shitingi ni rahisi kuliko vyote. Lakini mbao hazilazimiki kununuliwa siku moja. Mkaratusi uliotoka msumenoni juzi, ukipigiliwa leo, hujikunja na kuacha nyufa. Unataka wiki nyingi za kukauka kivulini. Anayenunua mbao chache kila mwezi, akazipanga chini ya paa lake na kuzitenganisha kwa vijiti ili hewa ipite, siku ya kupigilia atakuwa na mbao kavu kuliko tajiri aliyeleta gari zima jana yake.