Popo wa Pemba: Kuhesabiwa Kulivyowaokoa

JE, msomaji, umewahi kujiuliza popo wanaoruka juu ya mapaa ya Majengo jua likitua wanakwenda wapi? Iwe ni Majengo ya Meru au ya Embu, watoto wakiwaona huokota mawe, na wazee wengine husema ni ndege wa mkosi. Popo si ndege. Ni mnyama anayezaa na kunyonyesha, na huko Pemba, kisiwa cha karafuu kilicho kaskazini mwa Unguja, yuko popo ambaye hapatikani kwingine kokote duniani.

Popo huyo ni mkubwa ajabu. Akitandaza mbawa, upana wake hufika kama mita moja na nusu. Manyoya yake ni ya rangi ya kutu, na uso wake ni kama wa mbweha mdogo. Hali wadudu wala hanyonyi damu. Chakula chake ni matunda kama maembe, mashelisheli na kuyu, pamoja na maua. Anapokula huchavusha miti na kuangusha mbegu mbali, hivyo msitu humea upya bila mtu kushika jembe.

Lakini nyama yake ilipendwa. Wawindaji waliwafuata mchana kwenye miti wanakolala, wakining'inia mamia kwa pamoja, na risasi chache zilitosha kuua wengi. Misitu nayo ilikuwa imekatwa kupisha mashamba. Kwa kuwa jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, waliouawa hawakuweza kuzibwa pengo upesi.

Kazi ya jioni

Mwaka 1995, watafiti walizunguka Pemba kuwatafuta. Kazi kama hiyo huanza kwa kuuliza: mwenye kujua mti wa popo ni mkulima na mchunga mbuzi, si ramani. Mti ukishapatikana, watu huketi mbali kimya, mmoja na darubini, mwingine na daftari. Giza likianza kuingia popo huondoka kwa makundi kwenda kula, na kila mtu huhesabu wale wanaopita upande wake wa anga. Ni kazi ya shingo kuuma na mbu kuuma. Hesabu ya mwaka huo ilionyesha popo kati ya 4,600 na 5,500 tu, na karibu wote walilala katika makao machache. Mwaka 1996 popo wa Pemba aliorodheshwa miongoni mwa wanyama walio hatarini kabisa kutoweka.

Hapo wanakijiji wakashika usukani. Viliundwa vikundi vya kulinda miti ya popo, na watoto wakafundishwa habari zao shuleni. Huko Kidike, karibu na Chake Chake, wageni walianza kulipa kiingilio kuwatazama, na popo aliye hai akawa na faida kuliko aliye chunguni. Hesabu ya mwaka 2007 ilipata zaidi ya popo 22,000, na mwaka 2008 akashushwa daraja katika orodha ile ya hatari. Bado analindwa, kwani kisiwa ni kimoja na hana kwingine pa kukimbilia.

Nawe mwanafunzi wa Majengo, utafiti hauhitaji tiketi ya meli. Chagua mahali pamoja, keti hapo saa kumi na mbili na nusu jioni mara moja kwa wiki, na uandike popo wangapi wamepita. Usimshike kwa mikono mitupu hata akiwa ameanguka, na akikuuma osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha ukimbilie hospitali, maana anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Wale wadogo wanaolala kwenye mapaa hula wadudu usiku kucha, wakiwemo mbu. Kabla ya kuokota jiwe, hesabu kwanza.